Kufuli la Muuzaji na Dhamiri ya Mnunuzi



Huenda baadhi yenu mkashangaa kuona kijitabu cha Haki na Amani kikitoa kurasa zake kwa habari ya michezo ya kompyuta. Mtauliza: Je, yamekwisha mashauri ya mashamba yaliyoporwa, ya vibarua wasiolipwa, ya wajane wanaofukuzwa katika nyumba za waume zao? Hayajakwisha, na hatutaacha kuyasemea. Lakini haki katika kuuza na kununua haichagui bidhaa. Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara wa zama zake kwa sababu ya vibaba vilivyopunguzwa na mizani iliyopotoshwa. Hakuona kwamba kibaba cha nafaka ni jambo dogo mno kwa neno la Mungu. Vijana wetu leo wananunua bidhaa zisizopimwa kwa kibaba wala kwa mizani, na aghalabu wazazi na walezi ndio wanaotoa fedha. Yatupasa basi tujue tunachouziwa.

Hoja yangu ina pande mbili zisizoachana. Aliyelipa bei kamili ya kitu anastahili kukaa nacho bila kumwomba muuzaji ruhusa kila anapotaka kukitumia. Naye aliyeaminiwa namna hiyo ana wajibu wa kutoiba.

Kufuli lenyewe

Michezo mingi ya kompyuta huuzwa ikiwa na kufuli. Si kufuli la chuma, bali ni programu iliyofichwa ndani ya mchezo ili kuzuia watu wasiunakili. Mchezo unapofunguliwa, programu hiyo huuliza kwa njia ya intaneti kama mwenye kompyuta anatambuliwa na muuzaji. Mingine huuliza mara moja tu, mingine kila mara. Jibu likiwa jema, mchezo hufunguka. Lakini muuzaji akiifunga akaunti ya mteja, au akizizima seva zake, au akifilisika, hakuna tena wa kujibu, na kile kilichonunuliwa kwa fedha halali hubaki kitu kisichofaa. Hata wakati wa amani kufuli hili humlemea zaidi mtu wa mbali, ambaye mtandao wake hukatika mvua inaponyesha na ambaye hununua bando kwa kudunduliza.

Wanaoweka kufuli wana sababu yao, wala si sababu ya bure. Mchezo mmoja huweza kuwa kazi ya miaka mingi ya waandishi, wachoraji, wanamuziki na mafundi wa programu, na kunakili kazi hiyo huchukua dakika chache. Kosa la kufuli ni kwamba humbana asiye na hatia. Mwizi hupata nakala ambayo kufuli lake limekwisha kuvunjwa, akacheza bila bughudha. Aliyelipa ndiye anayeulizwa mlangoni.

Tazameni yaliyotokea kwa mchezo wa magari uitwao The Crew. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa iliutoa mwaka 2014, na watu wakaununua kama wanunuavyo kitabu. Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ikazima seva zake. Kwa kuwa mchezo huo ulitegemea seva hizo hata mtu alipocheza peke yake, ukafa wote. Kisha wanunuzi wakaanza kuona leseni zao zimeondolewa katika akaunti zao. Jambo hilo ndilo lililomfanya Ross Scott, Mmarekani anayeishi Ulaya, kuanzisha mwaka huo huo harakati za kudai kwamba michezo iliyouzwa isiuawe na waliouza. Na ombi la wananchi wa Umoja wa Ulaya lililotokana na harakati hizo lilipata sahihi zaidi ya milioni 1 mwaka 2025.

Wala hili si la michezo peke yake. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka katika vyombo vya kusomea vya wateja waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyevipeleka dukani hakuwa na haki ya kuviuza. Fedha zilirudishwa, na mkuu wa kampuni akaomba radhi. Lakini watu walikwisha kujifunza kwamba muuzaji anao ufunguo wa nyumba zao.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kina agizo linalotufaa hapa. Anayemkopesha jirani yake asiingie nyumbani mwake kuchukua rehani. Asimame nje, naye mdaiwa amletee mwenyewe. Ikiwa mtu anayedai kwa haki amekatazwa kuvuka kizingiti cha mdaiwa wake, ataruhusiwaje muuzaji ambaye hadai kitu tena, aliyekwisha kulipwa yote?

Maduka yanavyotofautiana

Wapo wauzaji waliochagua njia nyingine. Nitayapima maduka manne ya mtandaoni kwa maswali matatu: Mnunuzi anabaki na nini mkononi? Aliyetenda kazi anapata nini? Na je, muuzaji anasema kweli?

La kwanza ni GOG, lililoanzishwa nchini Poland mwaka 2008 na kampuni ya CD Projekt. Waanzilishi wa kampuni hiyo, Marcin Iwiński na Michał Kiciński, walianza biashara mwaka 1994 katika nchi ambayo nakala haramu zilijaa masokoni, nao walijaribu kumvuta mnunuzi kwa kumpa kitu bora kuliko nakala ya wizi. Kanuni ya GOG ni kuuza bila kufuli. Mnunuzi hupakua faili la kusakinisha, akaliweka katika diski yake, na kulitumia hata duka likifungwa kesho. Kisheria bado anapewa leseni, lakini faili limo mkononi mwake wala hakuna wa kumnyang'anya. Tangu mwaka 2020 anaweza pia kurudishiwa fedha ndani ya siku 30 hata kama amekwisha kuucheza mchezo. Duka hili limewahi kupepesuka. Mwaka 2021 liliuza mchezo wa Hitman ambao sehemu zake zilihitaji intaneti. Wateja wakalalamika, na baada ya muda mfupi likauondoa. Mwishoni mwa mwaka 2020 lilitangaza kwamba halitauza mchezo wa Devotion, kazi ya Taiwan iliyowaudhi wengi nchini China, likitoa sababu ya ujumbe mwingi wa wachezaji. Wengi hawakuridhika na maelezo hayo. Kutokuwa na kufuli si kutokuwa na woga.

La pili ni itch.io, lililoanzishwa mwaka 2013 na Leaf Corcoran. Hapa ndipo wanapouza watengenezaji wadogo, hata mtu mmoja mmoja. Faili kwa kawaida hupakuliwa bila kufuli, na mwenye kazi huweza kumruhusu mnunuzi alipe zaidi ya bei. La ajabu kuliko yote, mwenye kazi ndiye anayeamua ni kiasi gani duka lichukue. Asipobadili, duka huchukua asilimia 10. Akitaka, anaweza kuandika sifuri. Mwezi Juni 2020 watengenezaji walitoa kazi zao kwa mkupuo katika duka hili, kwa bei isiyopungua dola 5, ili kusaidia mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi Marekani. Zilipatikana zaidi ya dola milioni 8.

La tatu ni Humble Bundle, lililoanza mwaka 2010. Mwanzoni liliuza furushi la michezo isiyo na kufuli, mnunuzi akijipangia bei na kuchagua sehemu ya fedha iende kwa watengenezaji au kwa mashirika ya hisani. Lilikuwa jambo jema. Siku hizi sehemu kubwa ya bidhaa zake ni namba za ufunguo zinazotumika katika duka la Steam, na misaada kwa hisani ingalipo. Kwa hiyo anayelijua kwa sifa za zamani asidhani kwamba kila kilichomo hakina kufuli, asome kwanza.

La nne ndilo kubwa: Steam, la kampuni ya Valve ya Marekani, lililofunguliwa mwaka 2003. Ndani yake imo michezo isiyo na kufuli, lakini duka haliweki sharti hilo, na mchezo hupakuliwa kwa kupitia akaunti na programu yake. Fedha hurudishwa iwapo mchezo umechezwa chini ya saa 2 na siku 14 hazijapita. Kwa kawaida Steam huchukua asilimia 30 ya mauzo. Mwaka 2018 kampuni ilipunguza sehemu yake, lakini ilimpunguzia nani? Mchezo ukipita mauzo ya dola milioni 10, makato hushuka hadi asilimia 25. Ukipita milioni 50, hadi asilimia 20. Maskini hukatwa theluthi kasoro kidogo, tajiri hukatwa moja ya tano. GOG nayo kwa kawaida huchukua asilimia 30. Katika swali la ujira wa mtenda kazi, ni itch.io inayostahili sifa.

Mintarafu swali la tatu, la ukweli, sheria imewasukuma wauzaji. Mwaka 2024 jimbo la California lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025, inayomkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno la kununua bila kueleza waziwazi kwamba mteja anapata leseni tu. Sheria hiyo haimbani anayetoa faili ambalo mteja anaweza kulipakua na kulitunza moja kwa moja nje ya mtandao. Steam iliweka tangazo la namna hiyo mahali pa kulipia mwezi Oktoba 2024. Lakini tujiulize: kwa miaka zaidi ya 20 wateja waliamini kwamba wananunua. Neno lililotumika lilikuwa kibaba kilichopunguzwa.

Upande wa mnunuzi

Haitoshi kuwanyoshea kidole wauzaji. Furushi la kwanza la Humble mwaka 2010 mtu aliweza kulipata halali hata kwa senti moja ya dola. Hata hivyo waliolitoa walikadiria kwamba karibu robo ya waliolipakua hawakulipa chochote. Mwaka 2011 CD Projekt ilitoa mchezo wake wa The Witcher 2 kupitia GOG bila kufuli, na mwishoni mwa mwaka huo Iwiński alikisia kwamba nakala milioni 4.5 zilichukuliwa kwa wizi. Kampuni nayo ilikosea, kwa kuwaandikia watu nchini Ujerumani barua za kuwadai fidia, hata ikaonekana kwamba wasio na hatia wangeweza kuguswa. Januari 2012 ikaziacha. Lakini haikurudi kwenye kufuli. The Witcher 3 ilitolewa mwaka 2015 bila kufuli, nayo ikanunuliwa na watu mamilioni.

Funzo liko wazi. Aliyeaminiwa ana deni kubwa kuliko aliyefungiwa mlango, kwa maana hakuna kinachomzuia ila dhamiri. Katika miji yetu mingi vipo vibanda ambapo filamu na michezo hunakiliwa katika flashi kwa malipo madogo. Tumezoea kusema kwamba aliyeibiwa ni tajiri wa Ulaya. Si kweli daima. Katika maduka haya wapo mafundi wawili watatu waliouza kazi yao bila kufuli kwa kuwa waliwaheshimu wanunuzi. Mtume Yakobo aliandika kwa ukali juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa. Ujira huzuiliwa na tajiri. Lakini huzuiliwa pia na umati, kila mmoja akishika senti yake.

Tufanye nini?

Sisemi kwamba kila mzazi akimbilie kununua michezo. Yote si mema kwa watoto, na mzazi hana budi kuangalia mchezo unasema nini kabla ya kuangalia unauzwaje. Lakini penye nia ya kununua, nashauri hivi. Tuanze na maduka yasiyo na kufuli. Tusome tangazo kabla ya kulipa, na tuulize kama mchezo utafunguka pasipo intaneti. Tukishanunua, tupakue faili na kulihifadhi katika diski ya ziada, kwani uhuru usiotumiwa haumfai mwenye nao. Tusimgawie jirani nakala; tumwonyeshe duka. Na kituo cha vijana cha parokia kinaponunua mchezo kwa kompyuta kadhaa, kisome masharti ya leseni na kulipia kinachopasa, ili vijana wajifunze amri ya saba kwa kuiona ikitendwa.

Kumwamini mteja kuna gharama, na wauzaji waliokubali kuilipa wametuonyesha heshima. Tukiwaacha wapate hasara, tutakuwa tumewathibitishia wenye makufuli kwamba walikuwa na haki tangu mwanzo.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Ni vitu gani tumelipia katika simu na kompyuta zetu, nasi hatujui kama ni vyetu kweli?

2. Je, tunapochukua nakala ya bure, tunajua ni kazi ya mikono ya nani?

3. Agizo la Kumbukumbu la Torati 24:10-11 linatufundisha nini kuhusu mipaka ya mwenye nguvu katika nyumba ya mnyonge?

4. Viongozi wa vijana katika parokia yetu wachukue hatua gani ili vifaa vyote vya kituo viwe vimepatikana kwa haki?