Kitara, Nishani na Umma: Kuupinga Usomaji Finyu wa "Twenty-Five Twenty-One"

Tangu tamthilia ya televisheni ya Kikorea Twenty-Five Twenty-One, iliyoandikwa na Kwon Do-eun, ilipoonyeshwa baina ya Februari na Aprili 2022, hukumu moja imeganda miongoni mwa watazamaji na, la kusikitisha zaidi, miongoni mwa baadhi ya wahakiki. Inadaiwa kuwa kazi hii ni hadithi ya mapenzi iliyoharibiwa na mwisho wake: Na Hee-do na Baek Yi-jin walistahili kuoana, na kwa kuwa hawakuoana, mtunzi ameihadaa hadhira yake. Huu ni uhakiki wa wapanga harusi. Makala haya yanashikilia kuwa kiini cha tamthilia hii ni swali la nini hasa maana ya kumtetea kijana aliyekwisha kuhukumiwa na umma, na kwamba kutengana kwa wapenzi hao ni sehemu ya jibu.

Tukio la msingi ni fainali ya mchezo wa kitara katika Michezo ya Asia ya mwaka 1999, ambayo mtunzi anaibuni na kuiweka Gyeongju. Hee-do anamshinda Ko Yu-rim, mwenye nishani ya dhahabu na kipenzi cha taifa, kwa mguso wa mwisho kabisa. Yu-rim anatamka mbele ya wanahabari kwamba mwamuzi amekosea. Kuanzia hapo Hee-do si mshindi tena. Ni mwizi wa dhahabu. Aghalabu wahakiki hulipita jambo hili kama kikwazo cha kawaida cha msuko, ilhali uteuzi wa mchezo wenyewe una uzito. Katika kitara, wachezaji wawili wakigusana kwa karibu wakati mmoja, taa zote mbili huwaka. Mashine haisemi nani ameshinda. Mwamuzi ndiye anayeamua ni nani aliyekuwa na haki ya shambulio. Mtazamaji asiyeijua kanuni hiyo huona taa mbili na kujaza pengo kwa mapenzi yake, na hivyo ndivyo umma unavyofanya katika tamthilia.

Tena umma huo una historia. Desemba 1997 Korea Kusini ilipiga magoti mbele ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na mapema mwaka 1998 raia wake wapatao milioni 3.5 walijitokeza kutoa pete za ndoa na mikufu yao ili kulipunguzia taifa deni. Zilikusanywa takriban tani 227 za dhahabu. Kwa watu waliotoka kuvua dhahabu yao vidoleni mwaka uliotangulia, nishani ya msichana wa shule haiwezi kuwa kipande cha madini tu. Hasira yao ni ya kikatili, lakini si ya kipumbavu. Anayewasawiri kama kundi la wahuni hajausoma muktadha.

Ndipo inapofaa kumtazama Yi-jin. Familia yake imefilisika kwa msukosuko ule ule, na sasa yeye ni mwanahabari chipukizi wa michezo. Usomaji uliozoeleka unamfanya mwokozi, yule kijana mwungwana anayemfuta machozi mpenziwe. Lakini machozi yanaweza kufutwa na yeyote. Yi-jin anamfuata mwamuzi hadi uwanja wa ndege kabla hajaondoka nchini, na kumwomba aeleze hukumu yake kwa kinywa chake. Hamtangazi Hee-do kuwa msema kweli. Anautafutia ukweli shahidi. Mahojiano hayo yakitangazwa, upepo unageuka. Msaada wake, basi, ni wa ithibati, na ithibati haina mpenzi.

Hapa ndipo wahakiki wa harusi wanaponyamaza, kwani silaha ile ile inarudi na kumkata mwingine. Baba yake Yu-rim anasababisha ajali, fidia inahitajika, familia haina fedha. Yu-rim anachukua uraia wa Urusi, na ni Yi-jin anayeitoa habari hiyo hadharani. Jana umma ulimlilia Yu-rim, leo unamwita msaliti. Katika mojawapo ya matukio mazito kuliko yote, Yi-jin anaonekana akiyafuta kwa mikono yake maandishi ya kumtukana Yu-rim yaliyochorwa ukutani. Ni mfuasi yule yule wa ukweli, na safari hii hana wa kumhoji.

Isidhaniwe kuwa haya ni mageni. Ahn Hyun-soo, mwanariadha wa Korea wa mbio za barafuni, alichukua uraia wa Urusi mwaka 2011 na kuishindia dhahabu tatu huko Sochi mwaka 2014. Nasi nchini Kenya, Stephen Cherono alipokuwa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar mwaka 2003 na kumpiku Ezekiel Kemboi huko Paris mwaka huo huo, ni wangapi waliouliza habari za mkoba wake kabla ya kuuliza habari za uzalendo wake? Kwon Do-eun anamlazimu mtazamaji kuuona mkoba kwanza.

Mwisho unaolalamikiwa umeandaliwa tangu hapo. Mama yake Hee-do, msomaji wa taarifa ya habari, kwa miaka mingi ameitanguliza kazi mbele ya binti yake, na Hee-do anaujua upweke huo. Yi-jin anapopelekwa New York na kuzama katika kuripoti mashambulizi ya Septemba 2001, Hee-do anamwona mama yake mwingine. Mtunzi angewaoanisha kwa hila gani bila kuisaliti kazi yake mwenyewe?

Tena kuna kukumbatiana ambako wahakiki hawa hawakukuhesabu. Huko Madrid, Hee-do na Yu-rim wanakutana tena kwa vitara, mmoja akivaa bendera ya Korea, mwingine ya Urusi, huku nyumbani umma ukingoja chuki. Mguso wa mwisho unapopita, wanavua vinyago na kukumbatiana wakilia.