Habari ya Jinai Isikome Mlangoni mwa Kasho

Katika miji yetu ya Butembo na Beni, mashariki ya Kongo, na katika miji midogo ya Lubero iliyo kando ya Barabara ya Taifa nambari 2, kuanzia Kanyabayonga, Kayna na Kirumba hata Lubero yenyewe, ni wachache mno watu ambao siku yao hupita bila redio. Na aghalabu habari za mtaa zikisha kusomwa, msikilizaji huitafuta Idhaa ya Kiswahili ya BBC, ambayo tangu mwaka 1957 imekuwa ikituletea mambo ya ulimwengu, na ya Uingereza yenyewe yakiwamo. Kwa njia hiyo mzaliwa wa Kayna, kama nilivyo mimi, ambaye hajapata kuiona London, ameyajua kwa miaka mingi mambo ya polisi wa London, sifa zao na aibu zao, kuliko anavyoyajua ya kituo cha polisi kilicho mwendo wa dakika chache kutoka mlangoni pake.

Nimezifuatia habari hizo kwa makini, na jambo moja limenikaa moyoni kuliko mengine yote. Kule, habari ya jinai ikisha kuanza, raia huidai hukumu yake, ikiwa baada ya mwezi mmoja au baada ya miaka ishirini na zaidi. Kwetu, habari hiyo huishia siku ile mtu anapotiwa kasho, yaani mahabusu ya polisi, na yaliyofuata hayasimuliwi tena. Madai yangu leo ni haya: usalama wa Butembo na Beni hautarudi kwa wingi wa bunduki peke yake, bali utarudi siku ambayo kila mtu aliyekamatwa mbele ya macho yetu atafuatwa kwa macho yale yale hadi kwa hakimu, na hakimu atakaponena, tukasikia alilonena.

Isidhaniwe kwamba nawasifu Waingereza kwa wema wa tabia, maana polisi wao wamekosa makosa mazito. Robert Peel, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, alipoanzisha polisi wa London mwaka 1829, aliwavika sare za buluu ili wasifanane na wanajeshi waliovaa nyekundu, na hata leo wengi wa polisi wale huenda zamu bila bunduki. Lakini kukosa bunduki hakukuwazuia kukosa insafu. Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, aliuawa kwa kisu akingoja basi kusini-mashariki ya London, Aprili 22, 1993, na polisi wakauendesha uchunguzi kwa uzembe hata wauaji wakabaki huru. Wazazi wake hawakunyamaza. Mwaka 1999 tume ya jaji William Macpherson iliandika waziwazi kwamba ubaguzi wa rangi umejengeka ndani ya chombo chenyewe cha polisi, na Januari 2012, karibu miaka kumi na tisa baada ya mauaji, wawili katika wauaji walihukumiwa.

Kadhalika ile siku ya Aprili 15, 1989, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, ambapo mashabiki wa Liverpool walibanwa hata 97 kati yao wakapoteza maisha: polisi waliwatupia lawama marehemu na wenzao, gazeti likachapisha uongo huo, na jamaa za waliokufa wakastahimili miaka 27 ya kugonga milango, mpaka baraza la wazee wa mahakama lilipotamka, Aprili 2016, kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na hatia. Na mwezi wa Machi 2021, mwanamke aitwaye Sarah Everard alitekwa na kuuawa na askari polisi aliyekuwa bado katika utumishi, aliyetumia kitambulisho na pingu za serikali kumhadaa. Askari huyo alihukumiwa kifungo cha maisha bila njia ya kutoka, na Machi 2023 ripoti ya Louise Casey ikayafunua mbele ya taifa zima maradhi ya polisi wa London. Mambo haya yote ni fedheha, lakini ni fedheha iliyoandikwa na kusomwa, na raia aliyeisoma anajua ni nani aliyekosa na alilipwa nini.

Nimeyataja ya Uingereza kwa sababu tunayasikia kila siku na kuyasikitikia, kisha twazima redio tukiwa hatujajiuliza yetu yameishia wapi. Polisi wetu wana nasaba tofauti. Kabla yao palikuwa na Force Publique ya Mfalme Leopold na ya Wabelgiji, jeshi lililotumwa kuwalazimisha watu kutoa mpira, kulipa kodi na kufanya kazi za shokoa. Kisha zikaja zamu za gendarmerie. Na polisi ya taifa tuliyo nayo iliundwa mwaka 2002, ikapewa sheria yake ya msingi Agosti 11, 2011. Mtu ambaye babu yake alikimbia msituni kila alipoona kofia ya askari haamki asubuhi moja akampenda askari kwa kuwa sheria imebadilika. Imani ya namna hiyo hujengwa kwa vitendo vinavyoonekana, na kwetu vitendo vinavyoonekana vimekuwa vichache.

Mei 6, 2021, serikali iliweka Kivu ya Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi. Gavana akawa jenerali, naibu wake akawa ofisa wa polisi, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Tuliambiwa kwamba muda utakuwa mfupi. Sikatai kwamba wapo maofisa waliofanya kazi kwa moyo, wala siwasahau askari waliokufa wakitulinda. Lakini mkulima wa Lubero aliyeibiwa mbuzi, na mfanyabiashara wa Butembo aliyevunjiwa duka, walijikuta wakilazimika kupeleka madai yao mbele ya majaji waliofundishwa sheria za kambini, wachache kwa idadi na wenye mafaili hadi dari.

Na kabla ya utawala huo, hata ndani yake, magereza yetu yalikuwa yakifunguka. Juni 2017 gereza la Kangbayi, Beni, lilivamiwa, watu 11 wakafa na wafungwa zaidi ya 900 wakatoroka. Oktoba 20, 2020, gereza lile lile likavamiwa tena alfajiri, na waliotoroka wakapita 1,300. Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, Butembo, ambako askari polisi waliuawa na wafungwa zaidi ya 800 wakatoweka usiku mmoja. Katika halaiki ile walikuwamo wauaji, na walikuwamo pia watu ambao hawajapata kumwona hakimu hata mara moja, waliolala miezi na miezi juu ya saruji wakingoja kuitwa. Basi fikiria hali ya mama aliyemshuhudia jirani yake akichinjwa, akajipa ujasiri wa kwenda kumtaja mtu aliyemtambua, kisha asubuhi moja akakutana naye ana kwa ana penye njia ya soko, wala hakuna aliyemwonya. Mama huyo hatatoa ushahidi mara ya pili, na jirani zake waliojua yaliyompata hawatautoa hata mara ya kwanza.

Sasa na tutazame namna habari zetu zinavyotolewa. Waandishi huitwa uani kwa komisaria. Vijana wanne au watano wameketishwa chini juani, miguu mitupu, na mbele yao, juu ya turubai, zimepangwa simu, panga, nguo za kijeshi na labda bunduki moja iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ofisa anatoa hotuba. Kisha vinasa sauti vinapelekwa midomoni mwa vijana wale, na kijana anaulizwa mbele ya umati, bila wakili, aliiba nini na wenzake ni akina nani. Jioni redio inatangaza kwamba majambazi wamekamatwa. Haisemi watuhumiwa, inasema majambazi, hali Katiba yetu ya Februari 18, 2006, katika kifungu cha 17, imetamka kwamba mshitakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itakapomthibitishia hatia. Huko Uingereza tunakokusikiliza, sheria ya mwaka 1981 inalitia hatarini gazeti litakaloandika jambo la kuharibu kesi ambayo bado iko mbele ya mahakama. Kwetu hukumu hutolewa uani, juani, na kesi yenyewe huenda isisikilizwe kamwe.

Baada ya siku ile, kimya. Kifungu cha 18 cha Katiba hiyo hiyo kinaamuru kwamba aliyekamatwa aambiwe papo hapo sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoifahamu, na kwamba kizuizi cha polisi kisipite saa 48. Nazo saa hizo zikiisha, aachiliwe au akabidhiwe wenye mamlaka ya sheria. Lakini ni nani anayezihesabu? Mlalamikaji huambiwa anunue karatasi, alipe nauli ya askari watakaokwenda kumkamata aliyemshitaki; maelezo yake aliyoyatoa kwa Kiswahili au kwa Kinande huandikwa kwa Kifaransa, naye hutia kidole gumba mahali anapoonyeshwa. Jamaa za mtuhumiwa nao huja jioni na bahasha. Siku ya tatu kasho ni tupu, na mtaani hakuna anayeweza kusema kama kijana yule aliachiliwa kwa kuwa hana kosa, au kwa kuwa amelipa, au kama amepelekwa parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, na anangoja zamu yake Kakwangura. Asiyejua hudhania, na kila mtu hudhania lililo baya.

Na hapa ndipo matairi ya kumchomea mtuhumiwa yanapotokea. Usiku sufuria na madumu hupigwa, filimbi hulia kutoka nyumba hata nyumba, vijana wa mtaa hutoka na fimbo, na mtu aliyekutwa penye ua usio wake huzungukwa. Atasikika mtu akisema apelekwe polisi, na kumi watamjibu kwamba polisi watamwachilia kesho. Sauti hizo kumi ndizo zinazoua, kabla ya petroli na kiberiti. Nimewalaumu na nitawalaumu siku zote wanaomchoma mtu moto, maana ni mauaji matupu, na mara nyingi aliyechomwa alikuwa mlevi aliyepotea njia au mgeni mkimbizi asiye na wa kumtetea. Lakini asiyetaka kuona kwamba ghadhabu ile inalishwa na ule ukimya wa siku ya tatu, huyo anahimiza watu waache dhambi huku akiwafungia mlango wa haki.

Watasema wenye kunipinga kwamba Uingereza ni nchi tajiri yenye amani, na sisi tuna waasi wa ADF wanaochinja watu Beni tangu Oktoba 2014, na waasi wa M23 wameishika Kayna yetu tangu mwisho wa Juni 2024, polisi wa dola wameondoka, na wengi wa watu wake wamelala majumbani mwa jamaa huku Butembo. Ni kweli tupu. Wataongeza kwamba askari wetu analipwa mshahara usiolisha nyumba na huandika maelezo kwa mwanga wa simu yake mwenyewe. Hilo nalo ni kweli, na serikali inayomtuma kazini katika hali hiyo ina deni kwake kabla haijawa na deni kwetu. Lakini kumwambia raia hukumu iliyotolewa hakuhitaji utajiri, na vita havikuwahi kuwa kizuizi. Jumba la kesi ya mauaji ya Kanali Mamadou Ndala wa jeshi letu la taifa, aliyeuawa karibu na Beni Januari 2, 2014, lilikuwa wazi kwa watu. Mahakama ya kijeshi ilikaa katika mji ule ule uliokwisha kuanza kuchinjwa, ikasikiliza, na Novemba ya mwaka huo ikahukumu. Watu walibishana juu ya hukumu ile, na bado wanabishana, lakini wanabishana juu ya jambo walilolisikia kwa masikio yao. Lililowezekana kwa kanali liwezekane kwa mwenye duka na kwa mfuga mbuzi.

Kwa hiyo natoa maombi matatu. Kwa makamanda wa polisi, na kwa wenye parke na oditora za kijeshi: kila mwisho wa mwezi, katika redio za Butembo na Beni, kwa Kiswahili, itangazwe hesabu ya waliokamatwa, waliofikishwa mbele ya sheria, waliohukumiwa na walioachiliwa, pamoja na sababu ya kuachiliwa kwao. Kwa ndugu zangu waandishi wa habari: aliyepeleka kinasa sauti uani kwa komisaria ana wajibu wa kurudi mahakamani, na mwenye redio asiyeweza kumtuma mwandishi kwenye kesi asimtume kwenye maonyesho ya watuhumiwa. Na kwako, msomaji: ukiona mtu amekamatwa mtaani kwako, usimpige wala usimsahau, mwulize shefu wa mtaa amepelekwa wapi, hesabu saa zake 48, na siku ya kesi nenda ukaketi uisikilize. Polisi wasioulizwa watabaki kama walivyo, na mji usiouliza hauna haki ya kushangaa.