NYUMBA YA UPONAJI SIYO KASHO

Wandugu na dada wa Kisangani, kutoka Makiso mpaka Lubunga, kutoka Mangobo mpaka Kabondo,

Vijana wetu wanakwisha mu lotoko, mu bangi na mu vidonge vya tramadoli. Kila mtaa unajua. Familia zinahangaika, na ku mahangaiko ndiko biashara inaingilia. Mtu mwenye parsele, kufuli na jina la Mungu mdomoni anaweza kufungua kesho asubuhi "kituo cha kuponyesha", kuomba pesa, na kufungia mtoto wa mwenzake ndani. Nani alimpa ruhusa? Nani atapita kuangalia? Sisi hatujaona cheti hata kimoja ku mlango.

Wengi kati yetu tulimaliza iniversite. Diplome iko ku sanduku, sisi tuko ku toleka, ao tumekaa tu. Njia ya kwenda ku lotoko tunaijua: inaanzia ku siku bila kazi. Kwa hiyo wasituambie kwamba haya ni mambo ya "wale bandi". Wale ni sisi.

Tuseme wazi: hatupigani na kanisa. Pasta na mama wa maombi walifungua mlango wakati leta ilifunga wake. Lakini huruma peke yake haitoshi. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, ukimukatia mara moja, ndani ya siku mbili ao tatu anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kuanguka kifafa. Anaweza kufa. Ile siyo pepo. Munganga anaijua, na dawa zake ziko, kama diazepamu, ambayo ni ya zamani na si ya bei kali. Sasa mufungie ule kijana mu chumba, mufungishe chakula, bila muuguzi. Akikufa usiku wa tatu, watasema Mungu amemuita. Hapana! Ni chumba kisichokuwa na sheria ndicho kimemuua.

Katiba yetu haikunyamaza. Kifungo cha 42 kinasema leta ina lazima ya kulinda vijana juu ya kila kitu kinachoharibu afya yao. Kifungo cha 16 kinakataza kumutendea mtu kikatili. Mnyororo ku mguu wa mgonjwa ni nini, kama siyo ukatili?

Na wasituambie haiwezekani. Kenya, sheria ya 2012 ilipatia NACADA kazi ya kutoa ruhusa kwa vituo vya kurekebisha walevi na watumiaji wa dawa, na ya kuvisimamia. Tanzania wana nyumba za upataji nafuu, na mamlaka yao ya kupambana na dawa za kulevya inazifuata. Hata kule mambo hayajanyooka yote. Lakini mzazi wa kule anajua mlango gani wa kugonga akilalamika. Mzazi wa Kisangani agonge wapi?

Leta yetu, kitu inajua ni kubeba vijana. Tangu 2020, Service national inapeleka ba kuluna wa Kinshasa ku Kaniama-Kasese, kulima na kujifunza kazi. Kazi ni nzuri, lakini kulima chini ya amri siyo matibabu. Mu mwezi wa tatu 2012, mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yaliomba inchi zote zifunge vituo vya kufungia watumiaji wa dawa kwa nguvu. Kupona hakupigwi fimbo.

Kuko watu watasema: mukileta norme, mutafunga hata milango michache iliyoko. Neno hilo lina uzito. Na sisi tuna woga mwingine: mu inchi hii kila karatasi inakuwa biashara, na cheti nacho kitauzishwa. Ndiyo maana tunaomba gavana na Division ya afya ya jimbo mambo haya, yote pamoja:

1. Norme za kuanzia, zilizoandikwa kwa Kifaransa, Kiswahili na Lingala: muuguzi usiku na mchana, mapatano na hospitali ya karibu, bei ku ukuta, watoto mbali na watu wazima. Hakuna mnyororo, hakuna fimbo, hakuna kufungisha mgonjwa chakula. Mtu mzima aingie kwa mapenzi yake na atoke kwa mapenzi yake.

2. Cheti cha bure. Nyumba zilizoko tayari zipewe mwaka moja na mafunzo ili zifikie kipimo. Lakini mnyororo ufunguliwe leo.

3. Ukaguzi bila kutangaza, pamoja na familia na watu waliopona.

4. Liste ya nyumba zenye cheti, ibandikwe ku kila komini na isomwe ku radio.

5. Vitanda mu hospitali ya leta kwa siku za kwanza, zile zinazoua.

Wazazi, mbele ya kuacha mtoto, muulize: nani analala naye usiku? Akianguka, atapelekwa wapi? Akisema anataka kutoka, mutamufungulia? Wakikasirika juu ya maswali, murudi naye nyumbani, ao mumupeleke hospitali.

Na wewe unayekunywa wakati unasoma hii: wewe siyo takataka. Uko ndugu yetu. Tunapigania mlango utakaoingia bila woga.

Barua hii tutaipeleka kwa mikono yetu, kwa amani, na tutarudi kuuliza jibu mpaka litoke.

Vijana wa Boyoma