"Kompyuta ya nani?" Mshenga akwama Lizaboni, na kosa si la mzee peke yake

Majina yanahifadhiwa, ila mtaa ni Lizaboni, Songea. Mshenga kapeleka posa, barua imepokelewa vizuri, soda zimeshafunguliwa. Mjomba wa binti akauliza swali moja tu: "Huyo kijana wenu anafanya kazi gani?"

"Yuko kwenye kompyuta, mzee."

"Kompyuta ya nani?"

"Ya kwake mwenyewe."

"Basi hana kazi." Kikao kikaahirishwa.

Watu wamecheka, lakini mzee hakukurupuka. Kijana anashinda ndani, analala alfajiri, hana ofisi wala kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Zama hizi za "ile hela tuma kwenye namba hii", mzazi akiona kijana wa hivyo anahisi tapeli. Ana haki ya kuuliza.

Ukweli ni kwamba jamaa ni mhandisi wa programu, wale wa upande wa seva. Ni kama kwa mama ntilie: mteja anaona sahani ya ugali, hamwoni anayesonga. Ukilipia king'amuzi kwa simu na hela ikakatwa mara moja tu, si mara mbili, ujue kuna mtu kaiandika hiyo hesabu. Mchana jamaa anafanya kazi za wateja wa Dar. Usiku anachangia programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha programu, uko wazi. Yeyote anautumia na kuurekebisha bila kulipa.

Msidharau. Linux ilianza 1991, na leo imo ndani ya kila simu ya Android. OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, kisha ikasambaa nchi nyingi. Si lazima mtu ahamie Dar ndipo aonekane. Kila anachochangia hukaguliwa na wenzake kabla ya kupokelewa, na hubaki pale na jina lake na tarehe. Cheti kinaweza kughushiwa. Kazi iliyokaguliwa hadharani kwa miaka si rahisi kuighushi.

Lakini kijana naye ana lake. Sifa hailipi mahari. Mwaka 2014 OpenSSL, inayolinda siri za tovuti nyingi duniani, iligundulika ina tundu kubwa. Ndipo watu wakashangaa kwamba ilibebwa na watu wachache mno, huku michango ikiwa kama dola 2,000 tu kwa mwaka. Makampuni makubwa yalikuwa yanakula bure. Anayetoa usiku wake wote bila kupanga kipi ni msaada na kipi ni kibarua anajiandalia hayo hayo. Asiwalaumu wakwe.

Kikao kikirudi, mshenga aende na karatasi mbili: mkataba wa mteja anayelipa, na orodha ya michango yenye tarehe. Na mzee abadilishe swali. Badala ya "kompyuta ya nani", aulize "nani anakulipa, na anakulipa lini?" Hilo lina jibu, na hata mwenye ofisi mjini linaweza kumtoa jasho.

Binti mwenyewe, inasemekana, alishaamua zamani.

Wewe mdau, ungekuwa ndiye mjomba, ungeuliza nini?