Dereva Amekufa, Nani Ajibu?



Mtoto aliyezaliwa Mtwara baada ya mwaka 1962 hajapata kusikia honi ya garimoshi nyumbani kwake. Reli tuliyokuwa nayo ililetwa kwa ajili ya karanga za Waingereza kule Nachingwea. Mpango huo ulivunjwa mwaka 1951. Reli ikafika bandarini Mtwara mwaka 1954, wakati karanga zenyewe zimekwisha kuwa hadithi, na mwaka 1962 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Huenda basi mkauliza, Tume ya Haki na Amani inatafuta nini katika habari za madereva wa treni? Ni kwamba reli inatajwa tena, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, na maswali ya haki yafaa kuulizwa kabla reli haijalazwa. Yakingoja mazishi yatakuwa yamechelewa.

Tukumbuke mwaka 2002. Tarehe 25 Mei, katika nchi ya jirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, mbali kusini mahali paitwapo Tenga, treni iliyochukua abiria pamoja na shehena ya saruji ilipata hitilafu. Mabehewa ya abiria yakatenganishwa na ya mizigo, yakawekewa mawe magurudumuni. Mawe hayakuzuia kitu. Watu karibu 200 walikufa. Haukupita hata mwezi mzima, na alfajiri ya tarehe 24 Juni ikawa zamu yetu. Treni yenye abiria zaidi ya 1,200 ilishindwa mlimani Igandu, karibu na stesheni ya Msagali mkoani Dodoma, ikarudi nyuma kwa kasi ya kutisha, ikagonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. (Msagali ndipo lilipoanzia tawi la reli ya karanga la Kongwa, ndugu wa reli yetu iliyokufa.) Rais wa wakati ule, Benjamin Mkapa, mwana wa Masasi, aliliongoza taifa katika maombolezo.

Baada ya kila msiba wa namna hii hufuata maneno tuliyoyazoea: makosa ya kibinadamu. Lakini binadamu anayetajwa ni mmoja tu, naye ni yule aliyekaa mbele. Akiwa amekufa, ndiyo nafuu zaidi, kwa kuwa marehemu haitwi kutoa ushahidi. Hatumsemi hapa dereva fulani wa Tenga wala wa Igandu. Tunaisema nafasi anayopewa kila dereva wa garimoshi, kuwa mtu wa mwisho katika mshahara na wa kwanza katika lawama.

Tufikiri kidogo juu ya kazi yenyewe. Breki za treni hufanya kazi kwa nguvu ya hewa, nayo hupita katika mabomba kutoka kichwa cha treni hadi behewa la mwisho. Treni ikisimama mlimani kwa muda mrefu, na mabomba yakiwa yamechakaa, nguvu hiyo huvuja kidogo kidogo, na breki zilizokuwa zimeshika huanza kuachia. Ndipo huhitajika breki za mkono katika mabehewa, kabari za kutosha na watu wa kutosha wa kuzifunga. Je, dereva ndiye anayenunua mabomba? Ndiye anayepanga idadi ya wasaidizi, au anayeamua kwamba behewa lililokwisha muda wake lirudi njiani kwa kuwa abiria ni wengi na fedha hakuna? Yeye hukabidhiwa treni usiku, hutia saini, na kuondoka. Akikataa kuondoka ataitwa mkaidi, na watoto wake wanangoja karo.

Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, humwagiza mwenye nyumba mpya ajenge ukuta mdogo kuzunguka dari, ili mtu akianguka nyumba isibebe hatia ya damu. Tazameni ni nani anayeulizwa: mwenye nyumba. Na Bwana wetu alipoambiwa habari za mauti, aliwakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa kabisa kuwafanya wakosefu kuliko wengine. Sisi twajiita wafuasi wake, nasi twamhukumu marehemu kabla kaburi halijafukiwa!

Hukumu hiyo ina bei, na mjane ndiye huilipa. Mwaka 2002 fidia ya mfanyakazi nchini ilikuwa bado inatawaliwa na sheria tuliyorithi kwa wakoloni. Sheria mpya ilipatikana mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ukaanza kazi mwaka 2015. Ni hatua njema, twaisifu. Lakini mfuko hausafishi jina la mtu. Mtoto anayeambiwa shuleni kwamba baba yake aliua watu hatibiwi kwa hundi.

Wala tusijidanganye kwamba jambo hili linangoja reli. Katika barabara ya Songea hadi Mtwara malori ya makaa ya mawe yamekuwa yakishuka bandarini usiku na mchana tangu biashara hiyo ilipokua mwaka 2022. Dereva akisinzia na kufa, husemwa kwamba ni uzembe. Hatujasikia mara nyingi swali la pili: alikuwa ameendesha kwa saa ngapi, na nani alimpangia safari hiyo?

Kwa hiyo, reli itakapoletwa mbele ya mikutano ya vijiji, msiulize tu habari za fidia ya mashamba na mikorosho. Ulizeni kama dereva atalindwa na sheria anapokataa kuondoa treni yenye breki mbovu. Ulizeni ni nani, kwa cheo chake, atakayetia saini ukaguzi wa kila behewa. Na taarifa ya uchunguzi wa ajali yoyote itolewe nzima, kwa Kiswahili, isomwe hadharani Msimbati na Kilambo sawasawa na Mtwara mjini, na familia ya dereva iwe na kiti mbele siku inaposomwa.