Msiuziwe Ngazi Nzima kwa Kosa la Waya Mmoja

Nimechoka. Nimechoka kusikia sentensi moja ikirudiwa kama wimbo wa taifa katika gereji za magari-nyumba hapa Marekani: "Ngazi imekufa, nunua nyingine." Nasema wazi na wala sitafuni maneno: mara nyingi sentensi hiyo haitokani na uchunguzi wowote. Ni uvivu uliovaa ovaroli safi. Na anayeulipia ni mtu mwenye digrii mbili ambaye hajawahi kujiuliza umeme wa ngazi yake unatoka wapi.

Kwa wasomaji wa Dar, Nairobi na kwingineko ambao hamjawahi kuliona dude hili, ngoja nieleze kidogo. Gari-nyumba lina injini yake kama gari lolote, ila nyuma ya dereva kuna kitanda, jiko, choo na meza. Wastaafu wengi hapa hupakia maisha yao humo wakazunguka nchi. Sehemu kubwa ya magari haya hutengenezwa jimbo la Indiana, hasa kaunti ya Elkhart. Sakafu yake iko juu, kwa hiyo chini ya mlango hufungwa ngazi ya chuma inayoendeshwa kwa umeme. Ukifungua mlango, ngazi inatoka yenyewe. Ukifunga, inarudi mvunguni. Raha tupu, mpaka siku inapogoma.

Kuna watakaosema hizi ni shida za wenye pesa, zinatuhusu nini. Subirini. Mtu wa miaka 70 anafungua mlango usiku, mguu wake umezoea kukuta ngazi, na leo unakuta hewa. Katika umri ule, kuvunjika nyonga kunaweza kukawa mwisho wa kutembea. Au kinyume chake: gari linaondoka huku ngazi bado imetoka nje, chuma kimechomoza ubavuni kikitafuta ukingo wa barabara au mguu wa mpita njia. Kwa hiyo tunapozungumzia ngazi tunazungumzia mifupa ya watu.

Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu, ngazi yake iligoma. Akaipeleka gereji moja. Jibu likaja: ngazi nzima ibadilishwe, mamia ya dola, ufundi juu yake, na asubiri wiki kadhaa kifaa kifike. Nikamuuliza, wamepima nini? Hakujua. Nikamwomba nione karatasi waliyompa. Jamani! Karatasi ina bei, ina kodi, ina sahihi, lakini haina hata namba moja ya volti. Mtu amehukumiwa kifo bila kupimwa hata mapigo ya moyo!

Jumamosi tukaingia mvunguni na taa ya kujaribia umeme. Waya wa athi ulikuwa umefungwa kwenye chesisi kwa bolti iliyoliwa na kutu. Tukaifungua, tukasugua chuma kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa, tukakaza. Mzee akafungua mlango. Ngazi ikatoka.

Sisemi kila ngazi iliyogoma ina kutu kwenye athi. Zipo zilizokufa kweli. Ninachosema ni kwamba hakuna mwenye haki ya kutangaza kifo kabla ya kupima, na kupima kwenyewe wala si sayansi ya roketi. Tuichambue.

Ngazi ya aina hii haihitaji mengi. Inataka umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri, kupitia fyuzi. Inataka athi nzuri. Inataka taarifa kutoka mlangoni kwamba mlango umefunguliwa au umefungwa. Inataka taarifa nyingine kwamba gari limewashwa. Na ina swichi ndani, karibu na mlango, ya kuruhusu au kuzuia ngazi kutembea. Taarifa zote hizo zinaingia kwenye kisanduku cha kudhibiti, nacho kinaiamuru mota. Mota inazungusha gia, gia inasukuma vyuma. Basi! Hapo hakuna uchawi.

Sasa anza na la kijinga kabisa: swichi ya ndani. Ikizimwa wakati ngazi imetoka, ngazi inabaki nje hata ufungue na kufunga mlango mara mia. Imewekwa makusudi, ili mkiwa kambini watoto wakiingia na kutoka, ngazi isicheze mchana kutwa. Mjukuu akiigusa bila kujua, babu anakimbilia gereji. Gereji ya kweli ingebonyeza swichi na kumwambia babu aende salama. Gereji za siku hizi je?

Halafu betri. Gari-nyumba huwa na betri za aina mbili, ya kuwashia injini na za matumizi ya ndani. Taa za ndani zinawaka, jokofu linanguruma, mwenye gari anaapa umeme upo. Kumbe ngazi yake inakula betri ya injini, na hiyo imelala majira yote ya baridi bila kuchajiwa. Betri nzuri ya volti 12 iliyopumzika husoma kama 12.6. Ikisoma chini ya 12, umeshaanza kupata jibu. Kisha fyuzi. Kisha athi.

Na hapa wengi wanadanganyika, hata mafundi. Unaweka mita kwenye waya unaoingia kwenye kisanduku, inasoma 12 na ushee, unashangilia. Lakini hakuna kinachotembea, na waya ambao hauna mzigo unaweza kukusomea namba tamu huku umeoza ndani. Pima wakati mota inajaribu kusukuma. Volti zikiporomoka hapo, ugonjwa uko kwenye waya, kiungo au bolti yenye kutu. Utabadilisha ngazi nzima, na ngazi mpya nayo itagoma kwa sababu imefungwa kwenye waya uleule mbovu. Umelipa mara mbili.

Mlango nao. Katika ngazi nyingi, mlango una sumaku na fremu ina swichi inayoihisi sumaku hiyo. Mlango ukilegea bawaba kidogo tu, sumaku inakaa mbali na ngazi inaamini mlango uko wazi siku zote. Kipimo chake mtoto anaweza kukifanya: washa swichi ya ndani, acha mlango wazi, ngazi ikiwa nje, kisha sogeza sumaku nyingine karibu na swichi ya kwenye fremu. Ngazi ikirudi ndani, tatizo ni sumaku iliyohama. Dola chache na bisibisi!

Vyote hivyo vikiwa sawa, ndipo uifikie mota. Chomoa plagi yake na uipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, kwa mguso mfupi mfupi, maana bila kisanduku hakuna wa kuisimamisha ikifika mwisho. Geuza nyaya, nayo inageuza mwendo. Mota ikizunguka vizuri, si yenyewe iliyokufa, na macho sasa yahamie kwenye kisanduku. Ikiguna bila kwenda, au ikizunguka huku ngazi imetulia, tazama gia na pini za vyuma. Na vitu hivi, mota, kisanduku, swichi, kwa ngazi nyingi vinauzwa kimoja kimoja. Nani basi kasema lazima ununue zima?

Tahadhari, maana sitaki lawama: gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa, matairi yamewekewa vigingi. Unapopima ngazi ikiwa na umeme, mikono na miguu ikae mbali na vyuma, na mtu asichezee mlango. Kabla ya kugusa gia au pini, toa fyuzi. Ngazi hii haijui tofauti kati ya tope na kidole.

Na kwa kuwa nimetaja tope, hapa ndipo hasira yangu inapofika kilele. Kisanduku cha kudhibiti hakina macho. Kwa ngazi nyingi, kinajua zimefika mwisho kwa sababu mota inakwama na mkondo wa umeme unapanda ghafla. Basi fikirieni: mchanga na kutu vikijaa kwenye maungio, mota inakwama katikati ya njia, mkondo unapanda, kisanduku kinasema "tumefika" na kuzima. Mwenye gari anaona ngazi imesimama nusu, anaamini kompyuta imeharibika. Kompyuta iko timamu! Imedanganywa na uchafu. Majimbo ya kaskazini humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo inakwenda kukaa palepale mvunguni kwenye vyuma. Dawa yake ni maji ya kuosha, brashi, kukausha, kisha mafuta mepesi ya kupenya au ya silikoni kwenye kila ungio, mara moja kwa mwezi gari linapotumika. Usipake grisi nzito ovyo mahali pa wazi, maana inashika mchanga kama ulimbo.

Mwisho, fanya jaribio moja kabla ya kila safari. Acha ngazi nje, zima swichi ya ndani, funga mlango, washa gari. Mifumo mingi imetengenezwa ili ngazi irudi yenyewe hapo. Kama yako imetengenezwa hivyo na haikurudi, usiondoke.

Najua majibu yenu. "Muda ni pesa, fundi analipwa kwa saa, kupima kunachukua muda kuliko kubadilisha." Sawa, nawaelewa mafundi. Lakini hiyo ni hesabu ya gereji, si hesabu yangu. Kama kupima kuna gharama, niambieni bei yake nichague mwenyewe, msinifichie mbuzi kwenye gunia. "Je, dhamana ya kiwanda?" Kama bado ipo, itumie, usifungue kitu. Ila kusoma volti hakuvunji dhamana ya mtu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts walipitisha kwa kura nyingi mno sheria ya haki ya kutengeneza magari. Mwaka 2022 jimbo la Colorado likapitisha sheria ya namna hiyo kwa viti vya magurudumu vya umeme, kwa sababu watu wasioweza kutembea walikuwa wanakaa wakisubiri ruhusa ya kampuni ili viti vyao vitengenezwe. Mwaka 2023 Colorado hiyohiyo ikaongeza mitambo ya wakulima. Watu wamepigania haki ya kupata vipuri na michoro ya nyaya. Ngazi ya gari-nyumba? Vitabu vya maelekezo vya ngazi nyingi vipo, michoro ya nyaya imo, vipuri vinauzwa. Wenzako wameipigania haki hiyo mpaka bungeni, wewe umeikuta mezani, na huitumii!

Na nyinyi mlioko nyumbani msicheke. Hayo madirisha ya umeme kwenye gari lako lililotoka Japani yanatumia mota ya volti 12, fyuzi, athi na swichi. Dirisha likigoma unaambiwa "mashine imekufa, leta nyingine", na wewe, bosi mwenye tai, unatoa pochi. Kwa nini? Kwa sababu tumefundishwa kwamba msomi hashiki bisibisi, na kwamba kusema "mimi si fundi" ni alama ya heshima. Hakuna aliyekutaka uwe fundi. Daktari akitaka kukukata mguu utauliza maswali ishirini, ingawa hukusomea udaktari.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Fundi akikwambia kimekufa, muulize umepima wapi, kwa kitu gani, na umepata namba gani. Mwenye jibu, mlipe bila kulalamika, huyo ni fundi na jasho lake ni halali. Asiye na jibu, chukua funguo zako uondoke.

Naomba kuwasilisha.