Kiingereza siyo kinachokukwamisha kuagiza mzigo China



Kila wiki lazima nipate meseji ya hivi: "Kaka natamani kuagiza mwenyewe China ila Kiingereza sina." Mimi niko Rangwi, huku milimani Lushoto, nauza masweta na mabuti, kibandani na kwenye simu. Nimeishia kidato cha nne, Kiingereza nilipata D. Naagiza mwenyewe. Na hasara yangu kubwa niliipata siku niliyotumia Kiingereza kizuri.

Ilikuwa oda yangu ya kwanza Alibaba. Nikamwomba mwalimu mmoja aniandikie, akashusha aya tatu: salamu za heshima, kwamba masweta ni ya wanafunzi wa darasa la nne hadi la saba, shukrani nyingi. Saplaya akajibu Kiingereza kimenyooka, nikajua tumeelewana. Akauliza, saizi 110? Nikadhani ni namba ya kiwandani kwao. Nikajibu ndiyo.

Masweta 40 yamefika, nafungua, ya chekechea yote! Kumbe China namba ya nguo za watoto ni urefu wa mtoto kwa sentimita. 110 ni mtoto wa miaka minne, mitano. Darasa la nne ni 130 au 140. Laki nne ile, na nusu yake ilikuwa ya mama yangu. Nikayauza bei ya mitumba. Mama hakusema kitu, na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Baadaye ndiyo nikaelewa. Ukurasa wa Alibaba uko kwa Kiingereza, sasa sisi tunadhani na mtu wa upande wa pili anakijua. Wengi wao wanatumia programu ya kutafsiri kama wewe tu. Ukienda 1688, wanakonunua Wachina wenyewe, ni Kichina kitupu. Kwa hiyo zile aya za mwalimu hazikusomwa na mtu, zilisomwa na mashine, na mashine haipendi maneno mengi.

Siku hizi naandika Kiingereza cha darasa la tano. Sentensi moja, jambo moja. Kisha naichukua tafsiri ya Kichina nairudisha tena kwa Kiingereza. Ikirudi tofauti, nabadilisha maneno. Kwenye WeChat unabonyeza ujumbe kwa muda, tafsiri inatokea. Ila saizi, rangi na idadi siziachii maneno kabisa. Napima sweta la mteja kwa rula, naandika sentimita juu ya picha, naituma. Halafu nasema: nipigie picha ya mzigo wangu ukiwa na rula pembeni, ndipo nilipe. Na uzito uangalie, wenzetu wana kipimo kinaitwa jin, ni nusu kilo. Ukiambiwa jin 6 usiweke hesabu ya kilo 6 kwenye usafiri.

Sisemi Kiingereza hakina kazi Asia. India utaongea nacho vizuri tu, Dubai pia. Muscat kuna Waomani wenye asili ya Zanzibar, unaweza kupatana bei kwa Kiswahili mpaka mwisho. China ni kwingine, na mizigo yetu mingi inatoka huko.

Hapa Rangwi watalii wanaotembea kwa miguu kwenda Mtae hulala kwa masista. Wengine ni Wajerumani, Kiingereza chenyewe wanakiokoteza. Mama anayewauzia mapea hajui hata neno moja. Anainua vidole, anaonyesha noti, wanacheka, pesa inaingia. Sijawahi kumsikia akisema atasubiri kwanza ajifunze lugha.

Wewe unayempa mtu wa kati elfu tatu juu ya kila pea ya viatu kwa sababu ya D ya kidato cha nne, umeshawahi kutuma hata oda moja ya majaribio, pea mbili tu?